Mabawa Tuliyoyashona Uani kwa Fundi Kirpal

Sindano ndefu kuliko zote nilizowahi kushika ilianzia kwenye kiwiko changu ikaishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Ninyi mabinti wa darasa la ushonaji mkiiona leo mtadhani ni ya kuchomea mishikaki. Mimi niliishonea eropleni.

Naam, eropleni. Siyo viti vyake wala mapazia. Mabawa yake! Tena hapa hapa Shinyanga, uani kwa mtu, kati ya banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie habari za kazi yangu, nadhani alitegemea nianze na magauni ya harusi. Magauni ya harusi nimeshona mengi hata siyakumbuki. Ile eropleni naikumbuka fundo kwa fundo, na nikianza kuizungumzia mwili unanisisimka kama msichana aliyeitwa kucheza ngoma. Mtanivumilia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa mpima mizigo kwenye jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi nilikuwa nashona nyumbani kwa cherehani ya mkono: shuka na foronya za hospitali ya misheni, sare za shule, na chochote kilicholetwa. Fundi mkuu wa mitambo pale jineri alikuwa Singasinga mmoja mzaliwa wa Tabora, jina lake Kirpal. Mrefu, kilemba cha buluu, ndevu nzuri zilizofungwa, na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, maana mimi bado nilikuwa nachanganya "ra" na "la" kama Wasukuma wenzangu wote. Wakati wa vita alikuwa fundi seremala kwenye karakana ya ndege huko Nairobi. Vita vikaisha, ndege zikamkaa kichwani. Kila likizo alipanda treni, halafu meli, halafu treni tena, kwenda kujifunza kurusha, mpaka akapata cheti.

Siku moja Baba Kulwa akarudi mchana akihema.

"Mama Kulwa, makasha ya Fundi yamefika stesheni. Manne! Marefu kama mashua. Nimeyashika kwa mikono yangu mwenyewe."

"Yana nini?"

"Eropleni. Imekuja vipande vipande, anakwenda kuiunga nyumbani."

Nikamwambia aache utani. Akaniapia kwa majina ya mapacha wetu wote wawili, Kulwa na Doto, na hapo nikajua hatanii.

Injini haikuwemo kwenye makasha. Fundi aliifuata Geita kwa lori, kwa mhandisi mmoja wa mgodini aliyekuwa nayo ikikaa tu chini ya turubai, mabaki ya ndege iliyoharibika. Akairudisha imelala juu ya godoro la kitanda chake mwenyewe, na mkewe, Mama Jasi, akalala kwenye mkeka wiki nzima mpaka godoro likaacha kunuka mafuta. Huyo Mama Jasi mumkumbuke. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na alikuwa haitaki ile eropleni hata kidogo. Bawa la kwanza lilijengwa sebuleni kwake kwa sababu ya mvua, likaanzia dirishani likaishia mlango wa jikoni. Kila akitaka kupeleka chai alipita chini yake ameinama.

Mwaka ulipita. Mbavu za mbao nyembamba zikagundishwa moja moja kwenye mihimili, vijimisumari vidogo kama mbegu za ufuta vikapigwa, mkaguzi akaja kutoka Nairobi akachungulia kila kiungo kwa tochi, akaridhika. Sasa mifupa ilitakiwa ivalishwe ngozi. Na ngozi yenyewe, mabinti, ilikuwa kitambaa! Kitani safi, cheupe, kilichofumwa kwa kubana mpaka ukikipuliza pumzi inakurudia usoni. Fundi Kirpal alikuwa anajua mbao na vyuma, lakini sindano ilimshinda. Ndipo akamuuliza Baba Kulwa kama kweli mkewe ndiye anayeshona foronya za hospitali.

Nilipofika nikaamkia, "Shikamoo, Fundi." Akaitika marahaba huku ameshaninyooshea kitambaa. "Mama Kulwa, bawa ni mto. Nitakupa mto, unishonee foronya. Unaweza?"

Nikasema naweza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na wakati huo nilikuwa sijui kusema siwezi.

Hapa nisimame kidogo niwaambie nilikotoa kiburi hicho. Nilifundishwa kushona na masista wa misheni ya Ushirombo. Mwalimu wangu, Sista Benedikta, alikuwa Mzungu mfupi mwenye miwani, na nguo yako alikuwa haitazami usoni kamwe. Anaigeuza ndani nje kwanza. Upande wa nyuma ukiwa na uzi unaoning'inia, anakurudishia bila kusema neno, nawe unafumua. Nilifumua kaptula moja mara tano. Kutoka kwake nilijifunza kushona sawasawa, lakini kufikiri kabla ya kushona nilijifunza kwa makosa yangu mwenyewe. Niliwahi kupewa kazi ya makoti ya daktari wa upasuaji, nikaona yamekaa kama magunia, nikayaongezea mifuko miwili mizuri kila moja. Daktari akaja na koti mkononi, akaniuliza taratibu: "Mama, nikiwa namchana mtu tumbo, mfukoni natafuta nini?" Niling'oa mifuko ishirini na nne. Tangu hapo nawaambia wanafunzi wangu: kabla hujakata kitambaa, uliza nguo inakwenda kufanya kazi gani.

Nami sikuuliza. Ndiyo kosa langu la kwanza kwenye eropleni. Nililipima bawa kama mto, nikashona foronya ya kubana, tukaivalisha bawa kama soksi. Ikakaa vizuri ajabu, haina hata mkunyanzi mmoja. Tukaipigilia nyuzi zote, Fundi akinivutia sindano upande wa pili, siku nne za kazi. Kisha Fundi akaanza kupaka dopu.

Dopu ni dawa nyepesi kama maji, inanuka kama matunda yaliyooza yaliyochanganywa na rangi ya kucha, ukiivuta sana unaanza kucheka bila sababu. Kazi yake ni kukikaza kitambaa. Hilo Fundi alisahau kuniambia. Ikakauka, kitambaa kikavutika, kikazidi kuvutika, na mbele ya macho yetu ukingo mwembamba wa nyuma ya bawa ukaanza kujipinda kama mdomo wa kikapu. Halafu, ta! Ncha ya ubavu mmoja ikavunjika.

Nilitaka ardhi inimeze. Fundi akakaa juu ya ndoo, akatazama bawa, akatazama mikono yake. Mwisho akasema, "Kosa nusu yako, nusu yangu. Chana."

Tukachana. Kitambaa cha akiba kilikuwepo. Mbavu zikatengenezwa. Safari hii nikashona foronya iliyolegea kiasi cha kupitisha vidole viwili, ikiwa na mikunyanzi mpaka aibu. Dopu ilipokauka, mikunyanzi ikapotea mmoja mmoja, na Fundi akagonga kwa kidole. Dung! Kama ngoma! Jamani, nilipiga kigelegele majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa. Sijawahi kuona kazi ya mikono yangu ikijinyoosha yenyewe namna ile. Baba Kulwa aligonga, mimi nikagonga, Mama Jasi akatoka jikoni akatutazama, halafu naye, kwa kidole kimoja chenye unga, akagonga.

Kazi ya sindano ndefu ilihitaji watu wawili, na safari hii Mama Jasi akawa mwenzangu. Bawa linasimamishwa kwa ukingo wake juu ya vigoda, kama ukuta. Mimi niko upande huu, yeye upande ule, hatuonani. Nachoma sindano pembeni mwa ubavu, inatokea kwake. Anaivuta, anaipitisha upande wa pili wa ubavu, inanirudia mimi. Nafunga fundo maalumu lisiloteleza, tunasogea upana wa vidole vitatu, tunaanza tena. Uzi wenyewe ulikuwa wa kitani, ulikuja ndani ya kasha. Kila kipande cha uzi tulikipitisha kwenye nta ya nyuki mara tatu. Nta ya kwetu huku, njano, yenye harufu ya msitu wa miombo. Uzi uliopakwa nta hauchoki upesi, haulowi, na fundo lake linashika. Hata leo, mkishona mkoba wa ngozi au mkanda, msiache nta.

Watu wasioonana huzungumza mengi. Kupitia kile kitambaa niliambiwa kwamba Mama Jasi alizaa watoto watatu, aliyebaki hai ni Jasi peke yake, aliyekuwa shuleni Mwanza. Niliambiwa kwamba kila Fundi anapogonga msumari, yeye ndani anasikia kama anagongea jeneza.

"Sasa mbona unashona?" nikamuuliza.

Sindano ikanirudia kwanza. "Akianguka, nataka nijue haikuwa mimi niliyekataa kumshikia sindano."

Tulimaliza bawa la kushoto, tukaingia la kulia. Na pale, zikiwa zimebaki mbavu nane za mwisho kuelekea ncha, uzi wa kitani ukaisha.

Sababu niliijua. Uzi wa lile bawa nililoliharibu tulikuwa tumeukatakata wote. Uzi mwingine ungeagizwa Ulaya, miezi mitatu au minne. Fundi alikuwa ameshamwandikia mkaguzi arudi. Nilikuwa nimeshamtia hasara ya kitambaa na siku nyingi za kazi. Sikuweza kumwendea tena na uso ule ule. Nyumbani nilikuwa na uzi wa pamba, mnene, wa rangi ile ile. Nikaukunja mara mbili, nikaupaka nta, nikautazama. Macho hayakuona tofauti.

Ubavu wa kwanza tu, Mama Jasi akauliza kutoka upande wa pili, "Mama Kulwa, uzi huu mbona laini?"

"Ni ule ule. Ni nta imezidi."

Akaivuta sindano. Tukamaliza. Fundi akabandika utepe wa kitambaa juu ya mishono yote, akapaka dopu, kisha rangi ya fedha, kisha nyekundu. Uongo wangu ukawa chini ya tabaka sita, na hapakuwa na binadamu ambaye angeuona.

Siku ya kuwasha injini mji mzima ulijua. Walikuja wauza duka, wachuuzi wa sokoni, wafanyakazi wa jineri waliotoroka zamu, hata watu wa Kolandoto kwa baiskeli. Eropleni ilifungwa kamba kwenye mti, Fundi akazungusha panga la mbele la injini kwa mkono. Mara ya kwanza ikapiga chafya. Mara ya pili, chafya. Mara ya tatu ikanguruma! Vumbi likapaa, shuka tatu za Mama Jasi zikang'oka kwenye kamba zikatua kwa jirani, kuku wakapotea siku mbili. Tulikuwa tunarukaruka kama watoto. Baba Kulwa alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Injini ilipozimwa, watu wakaanza kumuuliza Fundi ndege inapaaje. Mmoja akasema bila shaka upepo unasukuma bawa kutoka chini. Fundi akacheka, akachukua kipande cha utepe wa kitambaa, akakishika mbele ya mdomo kikining'inia, akapuliza juu yake. Juu, siyo chini. Kile kitambaa kikainuka.

"Mnaona? Kazi kubwa iko juu ya bawa. Hewa ya juu inakinyonya kitambaa, inataka kukibandua iende nacho. Kinachokizuia ni nini?" Akageuka akaninyooshea mkono kwa heshima. "Nyuzi za Mama Kulwa!"

Watu wakanipigia makofi. Siku zote hizo nilidhani ile mishono ni ya kukipa kitambaa umbo, kama mistari ya godoro. Kumbe ndiyo iliyobeba roho ya mtu.

Kesho yake asubuhi nikafunga kikapu kwenye boriti ya jiko kwa kipande cha uzi wa kitani kilichobaki. Nikatia mawe mpaka kikapu kikajaa. Uzi ukashika. Nikakifunga kwa uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili. Nusu ya mawe tu, ukakatika, kikapu kikanipiga mguuni. Nikarudia. Ukakatika tena pale pale.

Nikamwambia Baba Kulwa. Akakuna kidevu.

"Zimebaki siku kumi mkaguzi aje," akasema. "Ukisema, Fundi atakuona mwongo. Mimi nafanya kazi chini yake. Unajua tutakula nini?"

"Na nisiposema?"

Akatazama pembeni. Hakunizuia nilipojifunga kanga nikatoka.

Nilimkuta Mama Jasi peke yake anachambua dengu. Nikapiga magoti pale pale sakafuni nikamweleza yote. Nilitegemea apige kelele. Aliweka sinia chini, akasema kwa sauti ndogo, "Nilijua."

"Ulijua?"

"Mkono unajua. Uzi wa pamba haukwaruzi." Macho yake yalikuwa makavu, mekundu. "Nikasema moyoni, vizuri. Mkaguzi atauona, ataikataa, na mume wangu atabaki chini. Nimekuwa nikisubiri mkaguzi."

"Mama Jasi, mkaguzi hawezi kuuona. Umefunikwa."

Nikaona jambo hilo likimwingia. Alidhani mtaalamu kutoka Nairobi ana macho ya kupenya rangi. Alisimama, dengu zikamwagika zote, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikutegemea mwanamke mwembamba vile kuwa nazo, tukatoka mbio kwenda jineri, mimi na kanga yangu, yeye na vumbi la dengu mikononi. Tukapita katikati ya marobota ya pamba mpaka kwa Fundi, akiwa amelala chini ya mtambo.

Nilianza kusema mimi. Mama Jasi akanikatiza akasema yake. Tukawa tunasema wote wawili. Fundi akatoka chini ya mtambo pole pole, anajifuta mikono, anatutazama kwa zamu. Hakutukana. Ningependa angetukana. Alimwangalia mkewe zaidi kuliko mimi, akamwambia maneno machache ya Kipunjabi, naye mkewe akajibu neno moja. Kisha akatuambia, "Twendeni nyumbani."

Akatoa kisu, akabandua utepe mwekundu kwenye mbavu zote nane, akakata mishono yangu mmoja mmoja, akaikusanya kiganjani. Alipomaliza akanigeukia. "Mama Kulwa, kitani tutakipata wapi?"

Tutakipata! Nilitaka kumbusu mikono. Hapo akili ikafunguka. Misheni ya Ushirombo walikuwa na karakana ya viatu, na viatu vizuri wakati ule vilishonwa kwa uzi wa kitani. Kesho yake alfajiri nilikuwa juu ya lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye nyusi, nimebeba kipande cha ule uzi wa asili kwenye leso. Nilipofika, Sista Benedikta alikuwa bustanini, amezeeka.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Sabina! Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kufumua, Sista."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaipangusa, akaivaa. "Mishono mingapi?"

"Mbavu nane. Mishono kama mia mbili."

"Na fundo lako, likoje?" Nikamfungia mbele yake. Akaligeuza, akatazama nyuma. Ndipo akanichukua mpaka kwa Bruda wa viatu, akamwambia atoe uzi wake mzuri kuliko wote na asianze kubishana. Bruda akazungushia vipande viwili mikononi, wangu na wake, akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Haukukatika wangu wala wake. Nilirudi na kigurudumu kizima cha uzi kifuani, ndani ya nguo, sikukiachia njia nzima.

Tuliupima kwenye mizani ya jineri, Baba Kulwa mwenyewe akisoma, mbele ya Fundi. Ulibeba zaidi ya ule wa kwenye kasha! Baba Kulwa alisoma ile namba kwa sauti kubwa mara tatu kama mnadani. Kisha mimi na Mama Jasi tukasimama tena kila mtu upande wake. Safari hii alikuwa anahesabu kwa sauti, kila mshono, kwa Kiswahili, ili nami nihesabu naye. Tulipofika mia tukaanza kucheka, sijui kwa nini, labda ni dopu.

Mkaguzi alipofika, Fundi akaniambia nimweleze mwenyewe. Nilieleza yote. Yule Mzungu akasikiliza, akapima mabaki ya uzi wa Bruda kwa kifaa chake, akanifanya nibandue utepe wa ubavu mmoja aone, akachungulia kwa kioo kirefu. Akainuka akasema kitu kwa Kiingereza. Fundi akatafsiri: "Anasema ubavu huu ungeweza kuuacha wazi watu wautazame."

Siku ya kuruka tuliisukuma kwa mikono mpaka kiwanja cha majani nje ya mji, mabawa yakiwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, tukayafunga pale pale. Fundi aliingia peke yake, ndiyo sheria. Ikakimbia, ikakimbia, ikaruka kidogo kama panzi, ikagusa chini, watu wakaguna, halafu ikaondoka! Ikaondoka kabisa! Niliona mwanga chini ya magurudumu, nikapiga yowe sauti ikanikauka siku mbili. Ikazunguka mara mbili juu ya jineri, wafanyakazi wote juu ya mabati wanapunga mashati. Mama Jasi hakutazama juu hata mara moja. Aliinama amenishika kiuno, ananiuliza, "Iko wapi? Iko wapi?" nami namwambia, "Iko, iko, inageuka, inakuja, imeshuka!" Hapo tu ndipo akainua uso.

Baada ya wiki kadhaa za majaribio, karatasi ya ruhusa ya kubeba abiria ikafika. Fundi akatuita kiwanjani, akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa. Fundi akanitazama mimi.

Nilipanda nikiwa nimefunga kanga mbili. Kiti hakikuwa na paa, bawa la kulia liko pale pale ubavuni kwangu. Tukaondoka. Upepo ukanijaa mdomoni, tumbo likabaki kiwanjani. Kisha nikageuka kutazama bawa, na nikaona alichotuonyesha Fundi kwa kupuliza. Kitambaa cha juu kilikuwa kimeinuka! Katikati ya kila ubavu na ubavu kimevimba kidogo, kinavutwa juu, kinataka kwenda zake, na kwenye kila mstari wa mishono kimetulia, kimeshikwa. Nikaufuata mstari kwa macho, ubavu kwa ubavu, mpaka zile nane za mwisho. Zote zimeshika. Nililia, machozi yakaenda nyuma masikioni.

Tulipotua, Baba Kulwa alikuja mbio. "Umeona nini? Umeiona nyumba yetu? Reli je? Umeona mpaka Geita?"

Sikuwa nimeona nyumba, wala reli, wala mtu. Nilikuwa nimetazama mishono tu, kuanzia kupaa mpaka kutua. Alinicheka miaka mingi kwa hilo, na baadaye nilipanda tena mara kadhaa nikaona vyote, na nikitaka kuwasimulia inahitaji karatasi nyingine.

Lakini siku ile, nikiwa bado nashuka, injini inanguruma, Mama Jasi alikuja mpaka kwenye ubao wa kukanyagia. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

"Inashika?"

"Inashika, Mama Jasi."

"Yote?"

"Yote. Nimeangalia mmoja mmoja."

Akavuta pumzi. Akajifunga mtandio kichwani mara mbili, akavua viatu vyake, akanitupia, akakanyaga ubao akaingia kwenye kiti nilichotoka, na kabla Fundi hajafunga mdomo, akampiga begani kumwonyesha mbele. Nikabaki katikati ya kiwanja na viatu vya watu mkononi, navipunga juu, nawashangilia mpaka wakawa wadogo kama mwewe.